LÁZARO NKAVANDAME: MZEE WA MUEDA ALIYEUAWA BILA KUSIKILIZWA

 

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu tumezoea kusoma habari za wamisionari, wachungaji wa zamani na mashahidi wa imani. Safari hii tunaandika juu ya mtu wa aina nyingine. Hakuwa mchungaji wala mwinjilisti. Hapa Msumbiji vizazi viwili vimefundishwa kwamba alikuwa msaliti, na hata leo wazee wa kaskazini mwa Cabo Delgado wakimtaja hushusha sauti kidogo. Ni Mzee Lázaro Nkavandame.

Tumemchagua kwa sababu ya swali moja ambalo limetufikia mara nyingi tangu ndugu zetu wa Palma, Mocímboa da Praia na Macomia walipoanza kufika kwetu kwa ajili ya vita vilivyoanza tarehe 5 Oktoba 2017. Wengi wao ni Waislamu wa pwani, wengine ni Wakristo wa Kimakonde, na tunaelewana nao kwa Kiswahili kwa sababu Kimwani chao hakiko mbali na lugha yetu. Wanauliza hivi: kwa nini katiba ya nchi imlinde mtu anayedaiwa kuwa muuaji? Kwa nini yeye apewe wakili na hakimu, wakati watu wetu hawakupewa hata dakika moja ya kujitetea? Anayeuliza hivyo amezika ndugu yake, au hakupata hata mwili wa kuzika. Haifai kumjibu kwa haraka. Sisi tuliotoka Kivu na Burundi tunalijua swali hilo, kwetu lina majina mengine tu.

Basi tufuate maisha ya mzee huyu hatua kwa hatua.

PAMBA YA LAZIMA

Nkavandame alizaliwa mwanzoni mwa karne iliyopita katika uwanda wa juu wa Mueda, nchi ya Wamakonde. Kama vijana wengi wa huko alivuka mto Ruvuma kwenda kufanya kazi Tanganyika. Wamakonde walivuka kwa maelfu, wengi wakiishia katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga. Kilichowafukuza kwao kilikuwa kinajulikana. Upande wa Wareno kulikuwa na kodi ya kichwa, kulikuwa na chibalo, yaani kazi za kulazimishwa, na kuanzia mwaka 1938 kulikuwa na pamba ya lazima. Mkulima alipimiwa shamba, akaamriwa kupanda pamba, kisha akaiuza kwa kampuni moja tu iliyopewa eneo lake na serikali, kwa bei isiyo na mjadala. Aliyekataa alipigwa kiboko au kile kibao cha mikononi kinachoitwa palmatória, au alipelekwa chibalo. Wengine walipelekwa kwenye mkonge wa Mocímboa da Praia, wakafanya kazi ile ile waliyoweza kuifanya Tanga, lakini kwa malipo duni zaidi.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linahusu somo letu. Ureno ilikuwa na katiba. Ilipitishwa mwaka 1933, na ndani yake ziliandikwa haki za raia. Lakini katiba hiyo hiyo iliruhusu sheria za kawaida kuamua haki hizo zitumike kwa kiasi gani, na sheria za kawaida zilitungwa na watu wale wale waliokuwa wakitawala. Polisi wa siri, PIDE, waliweza kumshikilia mtu kwa miezi bila kumfikisha mahakamani. Na kwa Mwafrika wa Msumbiji hata hayo maandishi hayakumhusu, maana hadi mwaka 1961 wengi waliwekwa chini ya sheria ya wenyeji, nao hawakuhesabiwa kuwa raia. Ngome ya zamani katika kisiwa cha Ibo, ambayo leo watalii huja kuipiga picha, ilikuwa gereza la PIDE. Wapo walioingia humo wasitoke, na hakuna mahakama iliyowahi kuwasikiliza.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Nkavandame, akiwa amerudi nyumbani, alianzisha pamoja na wenzake ushirika wa wakulima wa pamba. Katika jina lake la Kireno waliweka neno lenye maana ya hiari. Neno hilo moja lilikuwa na uzito. Walitaka kulima pamba kwa kupenda wenyewe, wauze wao, wapate faida, na wanachama wao wasichukuliwe chibalo. Watu walijiunga kwa wingi. Wakuu wa Kireno waliona watu wengi mno wanakutana bila kuitwa na serikali, wakaubana ushirika mpaka ukafa. Hakukuwa na mahali pa kukata rufaa. Aliyeufunga alikuwa pia ndiye mtoa vibali, mkusanya kodi na mwamuzi wa kesi.

Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala pale Mueda. Faustino Vanomb na Kibiriti Diwane walikuwa wamekuja kutoka Tanganyika kuzungumza na gavana wa jimbo juu ya uhuru na hali ya watu. Walikamatwa. Umati ukachafuka, askari wakafyatua risasi. FRELIMO imetangaza siku zote kwamba waliokufa walizidi mia sita. Baadhi ya wanahistoria wamesema walikuwa wachache zaidi ya hapo. Kwetu sisi hata wangekuwa kumi, habari haibadiliki. Watu walikwenda kuomba jambo kwa serikali yao, serikali ikawaua, na hakuna ofisa aliyeulizwa kwa nini.

MWENYEKITI

Mwaka 1962, tarehe 25 Juni, vyama vitatu vya wakimbizi na wafanyakazi wa Msumbiji viliungana Dar es Salaam vikawa FRELIMO, chini ya Dk. Eduardo Mondlane. Nkavandame alijiunga, na kwa sababu watu wa uwanda wa Mueda walimjua na kumwamini tangu siku za ushirika, alifanywa katibu wa jimbo la Cabo Delgado. Risasi za kwanza za vita vya ukombozi zilipigwa Chai, katika wilaya ya Macomia, tarehe 25 Septemba 1964. Katika miaka iliyofuata Wareno walibaki katika miji na kambi zao, na sehemu kubwa ya vijiji vya ndani ikawa mikononi mwa wapigania uhuru.

Mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya raia katika vijiji hivyo alikuwa Nkavandame pamoja na wenyeviti aliowaweka. Hata katika maandishi ya Kireno ya FRELIMO waliitwa kwa neno la Kiingereza, chairman, kwa vile wengi wao walikuwa wamejifunza siasa Tanganyika. Wenyeviti walipanga mashamba, walitoa watu wa kubeba mizigo, walisuluhisha kesi na walisimamia biashara. Wanakijiji walibeba kichwani korosho, ufuta na karanga hadi ng'ambo ya Ruvuma, safari ya siku nyingi, wakarudi na nguo, chumvi na sabuni.

Hapo ndipo lawama zilipoanza. Ilisemwa kwamba Mzee Nkavandame na wenyeviti wake walinunua mazao kwa bei ya chini na kuuza bidhaa kwa bei ya juu, na faida ikabaki kwao. Ilisemwa pia kwamba mkulima aliyelalamika hakuwa na pa kwenda. Hatuna sababu ya kukanusha. Mtu yule aliyefungiwa ushirika na watawala wasioulizwa, naye akawa mtawala asiyeulizwa katika vijiji vyake. Wapendwa, hili tumeliona hata katika makambi. Mpe mtu daftari la mgao wa unga, mwache mwaka mzima bila mtu wa kulikagua, halafu njoo uangalie nyumba yake.

Upande wa pili wa ugomvi walikuwa vijana wa jeshi na viongozi waliosoma, waliotaka jeshi na utawala wa raia viwe chini ya amri moja. Ugomvi ulihusu biashara, ulihusu ukabila, ulihusu umri, ulihusu pia swali la vita vya aina gani vipiganwe. Mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO ulipofanyika Matchedje, Niassa, Julai 1968, Nkavandame hakwenda. Viongozi wa Tanzania walijaribu kusuluhisha bila mafanikio.

Kisha damu ikamwagika. Tarehe 22 Desemba 1968 Paulo Samuel Kankhomba, mkuu mmoja wa jeshi la FRELIMO, aliuawa alipokuwa akivuka Ruvuma kuingia Cabo Delgado. FRELIMO ilisema wauaji walikuwa watu wa Nkavandame, na mwanzoni mwa Januari 1969 ikamwondoa katika nafasi zake zote. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Februari 1969, Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi. Jina la Nkavandame lilitajwa tena kati ya washukiwa. Miezi michache baada ya Kankhomba kuuawa alivuka na kujisalimisha kwa Wareno, wakamtumia katika vipeperushi na matangazo kuwaita Wamakonde watoke msituni. Wachache sana walimfuata. Mwaka 1970 jenerali Kaúlza de Arriaga alipeleka maelfu ya askari kuusafisha uwanda wa Mueda, nao watu wa huko hawakujisalimisha.

Hatuandiki ili kumsafisha. Kujisalimisha kwa adui wakati wenzako wanakufa ni jambo zito, na kama kweli aliamuru Kankhomba auawe, hilo ni kosa la jinai katika nchi yoyote. Tunaandika juu ya yale yaliyofuata.

NACHINGWEA NA M'TELELA

Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno walipindua serikali yao wenyewe huko Lisbon. Septemba 7 mkataba ulitiwa sahihi Lusaka kati ya Ureno na FRELIMO peke yake, na serikali ya mpito ikaundwa. Katika kipindi hicho Nkavandame alikamatwa. Hakuwa peke yake. Uria Simango, mchungaji wa Kiprotestanti aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO kabla ya kufukuzwa, alishikwa Malawi akakabidhiwa. Joana Simeão, mwanamke mwanasiasa aliyetaka uchaguzi wa vyama vingi, alikamatwa. Padre Mateus Gwenjere, aliyekuwa amegombana na Mondlane mwaka 1968 na kukimbilia Kenya, naye aliishia mikononi mwao.

Mwaka 1975, kabla ya uhuru, wafungwa hawa walionyeshwa hadharani katika kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Samora Machel aliongoza. Waandishi wa habari walialikwa. Simango alisoma kurasa nyingi za kukiri makosa yake. Huenda wapo waliouona mkutano ule kama kesi, lakini tukiupima kwa vipimo vya kesi hatuoni kimoja. Mshitaki alikuwa ndiye mwamuzi. Hapakuwa na mtetezi. Hapakuwa na sheria iliyosomwa kuonyesha kosa fulani lina adhabu fulani. Mshitakiwa hakuruhusiwa kuita shahidi wala kumhoji aliyemshitaki. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakumbuka kwamba hata Festo, gavana wa Kirumi asiyemjua Mungu wa Israeli, alikataa kumtoa Paulo kabla hajaonana uso kwa uso na washitaki wake na kupewa nafasi ya kujitetea.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na katiba yake ya kwanza ilianza siku hiyo hiyo. Katiba hiyo ilitaja uhuru wa raia. Ilitaja pia kwamba FRELIMO ndiyo nguvu inayoongoza dola na jamii, na kifungu hicho ndicho kilichokuwa na meno. Mwaka ule ule kazi ya wakili wa kujitegemea ilifutwa kwa sheria. Oktoba 1975 iliundwa idara ya usalama, SNASP, iliyopewa uwezo wa kumkamata mtu na kuamua yenyewe aende polisi, aende mahakamani, au aende kambi ya kuelimishwa upya. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Ofisi iliyokukamata ndiyo iliyochagua kama utamwona hakimu au hutamwona.

Makambi hayo yalienea hasa Niassa na Cabo Delgado, majimbo ya mbali yenye msitu mkubwa. Waliopelekwa walikuwa wa kila namna: wapinzani wa kisiasa, makahaba wa mijini, walevi, watu wasiokuwa na kitambulisho. Mashahidi wa Yehova walipelekwa kwa maelfu Milange, Zambezia, kwa sababu ya imani yao tu. Mwaka 1983, katika ile operesheni iliyoitwa Uzalishaji, watu walizolewa mitaani Maputo na Beira wakaitwa wasiofanya kazi, wakapandishwa ndege kwenda Niassa. Wengine hawakurudi.

Nkavandame na wenzake walipelekwa M'telela, Niassa. Huko waliuawa, bila hukumu ya mahakama yoyote. Mwaka unaotajwa na wengi ni 1977, na siku inayotajwa ni 25 Juni, sikukuu ya uhuru. Familia hazikuambiwa. Kwa miaka mingi zilidhani wapendwa wao wako kizuizini. Celina, mke wa Mchungaji Simango, naye aliuawa baadaye, na watoto wao wakakua yatima. Mmoja wao, Daviz, alikuja kuwa meya wa Beira tangu uchaguzi wa 2003 hadi kifo chake mwaka 2021. Habari za M'telela zilianza kuchapishwa waziwazi miaka ya 1990 tu.

Sasa turudi kwa Kankhomba. Alikuwa na familia, alikuwa na wenzake wa vita, na walistahili kujua nani alimuua, kwa amri ya nani, na nani alijua mapema. Njia ya kujua ilikuwa kumweka Nkavandame mbele ya hakimu, kuwaleta mashahidi wa Ruvuma, na kuyaacha maneno yao yagongane. Jambo hilo halikufanyika. Kadhalika juu ya kifo cha Mondlane. Mtu aliyetajwa kuwa mshukiwa alinyamazishwa milele na wale wale waliosema wanataka ukweli wote. Waliodhani wanamlipia marehemu kisasi waliuzika ushahidi pamoja na mshitakiwa. Kwa hiyo tunapowajibu ndugu zetu wa pwani, tunaanzia hapa: kesi haifanywi kwa faida ya mshitakiwa peke yake. Mjane naye anaihitaji.

KWA NINI IANDIKWE KATIKA KATIBA

Mtu anaweza kuuliza kwa nini haki hizo zisiachwe katika sheria za kawaida, au katika wema wa viongozi. Juu ya wema wa viongozi historia ya Msumbiji ina jibu chungu. Watu walioamua juu ya M'telela hawakuwa wageni wala wakoloni. Walikuwa wamepigania uhuru, wengine ndugu zao walikuwa wameteswa na PIDE. Walijua maumivu ya kushikwa bila kesi. Lakini waliamini kwamba serikali yao ni ya watu, kwa hiyo haiwezi kuwadhulumu watu, kwa hiyo haihitaji kuwekewa mipaka. Fikra hiyo haikuwa ya Msumbiji tu. Tanzania nayo ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikataa kuweka orodha ya haki katika katiba, ikiona itachelewesha maendeleo, na mwaka 1962 ikatunga sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Orodha ya haki iliingizwa katika katiba yao mwaka 1984, na raia waliruhusiwa kuzidai mahakamani kuanzia 1988.

Na juu ya sheria za kawaida: zinageuka kwa urahisi. Msumbiji ilitunga sheria ya adhabu ya kifo kwa makosa ya usalama mwaka 1979, ikaipanua mwaka 1983, na mwaka huo huo ikarudisha adhabu ya viboko, ile ile ya wakati wa pamba. Zote zilipitishwa kwa utaratibu. Aliyechapwa hakuwa na karatasi yoyote iliyo juu ya sheria ile ya kumwonyesha hakimu.

Katiba ya 1990, iliyoanza tarehe 30 Novemba wakati wa Rais Joaquim Chissano, ndiyo iliyobadilisha jambo hili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa bado vinaendelea. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Watu wengi wanasema katiba hizi za vyama vingi zililetwa na wafadhili. Shinikizo lilikuwepo, hatukatai. Lakini adhabu ya kifo haikufutwa Msumbiji kwa kuwapendeza wafadhili tu. Ilifutwa na watu waliokuwa wameona jinsi ilivyotumika.

Katiba ya 2004 ilifuata njia hiyo hiyo, na pamoja na marekebisho yake ndiyo inayotumika. Kifungu cha 40 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, hakuna mateso wala adhabu ya kifo. Kifungu cha 59 kinasema mshitakiwa hahesabiwi kuwa na hatia mpaka mahakama imhukumu. Kifungu cha 66 ndicho tungependa kila familia ikijue: mtu akikamatwa kinyume cha sheria, ombi linaweza kupelekwa mahakamani ili aachiwe, na hakimu anapaswa kuliamua katika siku nane. Kuna pia sharti kwamba ili kuibadili katiba inatakiwa theluthi mbili za wabunge, na kwamba marekebisho yoyote lazima yaheshimu haki na uhuru wa msingi. Hata ikitangazwa hali ya hatari, haki ya kuishi, haki ya kujitetea na uhuru wa dini havisimamishwi. Waandishi walifikiria kabisa siku ya hasira, siku ambayo watu wote wanataka mtu fulani auawe, wakaweka kizuizi kwa ajili ya siku hiyo. Siku za amani kizuizi hicho hakina kazi kubwa.

Tuseme wazi kwamba karatasi haishiki bunduki. Januari 2019 mwandishi wa habari Amade Abubacar alikamatwa Macomia alipokuwa akizungumza na watu waliokimbia mashambulizi. Alishikiliwa siku kadhaa katika kambi ya jeshi pale Mueda, bila familia wala wakili kumfikia, kabla ya kupelekwa kwenye mamlaka ya kiraia. Hatimaye alipelekwa gereza la Pemba, na Aprili akaachiwa kwa dhamana. Tarehe 7 Aprili 2020 Ibraimo Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, alituma ujumbe kwamba amezingirwa na askari. Tangu siku hiyo hajaonekana. Ndugu wa Palma waliopo kwetu walizoea kumsikia redioni.

Tofauti kati ya watu hawa wawili ndiyo tunayowaonyesha wanaotuuliza faida ya katiba. Amade alifika mahali penye jalada, penye hakimu na wakili, na kwa sababu hiyo watu waliweza kumdai kwa jina na kwa kifungu. Mbaruco hakufika hapo, na dai lake halina mlango wa kugonga. Wale wanaowakata watu vichwa katika vijiji vya Palma na Mocímboa hawana katiba, hawampi mtu siku nane wala saa nane. Serikali inayopambana nao inapomchukua mtu usiku asijulikane alipo, mama anayemtafuta mwanawe anashindwa kutofautisha nani amemchukua. Vijana wengi wa pwani wanakamatwa kwa kuwa tu wanatoka kijiji fulani au wana jina la Kiislamu. Tukiwaambia jamaa zao waende kwa wakili wa msaada wa kisheria wakauliza juu ya kifungu cha 66, wengine hucheka. Lakini wapo waliokwenda.

Mzee Nkavandame hana kaburi linalojulikana. Kankhomba amepewa barabara; ukienda Nampula mjini utapita katika Avenida Paulo Samuel Kankhomba, kuna maduka na benki pande zote mbili. Mashahidi waliokuwa kwenye ukingo wa Ruvuma usiku ule wa Desemba 1968 wamekufa karibu wote, na hakuna mahakama iliyoandika walichokiona.